Mti wa Moto wa Petro

Inspekta Marluce Barbosa alipiga magoti matopeni, akakitazama kisiki mpaka Daktari Evilásio akaanza kuhema kwa hasira.

"Msumeno wa injini," alisema daktari. "Nilikwambia kwenye simu. Nyapara wa shamba anao, na bosi wake anautamani msitu huu apande miwa. Sasa unatafuta nini hapo chini?"

"Natafuta kazi ya msumeno, Daktari. Siioni."

Kisiki kilikuwa na unene wa mkono wa mwanamume, basi. Kilikuwa kimekatwa upana wa kidole kimoja juu ya ardhi, kwa mshazari, kwa mapigo matatu ya shoka lililonolewa vizuri. Hapakuwa na unga wa mbao. Juu ya jeraha palipakwa udongo mwekundu wa mfinyanzi, ukasawazishwa kwa kiganja. Alama za vidole zilikuwa bado zinaonekana. Pembeni, juu ya jani pana, palikuwa na kipande cha tumbaku nyeusi ya kamba, kimeloa mvua ya siku kadhaa.

Marluce alitoa fomu kwenye mfuko wa plastiki. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na swali ambalo watu wote kituoni hulijibu bila kulisoma: uhusiano wa mpelelezi na wahusika. Aliandika, kama alivyoandika kwa miaka ishirini na sita: Hakuna. Alikuwa amezaliwa papa hapa Pindobal, kilomita mbili kutoka kisiki hiki, mtoto wa mkata miwa. Lakini kuzaliwa mahali si kosa, na kisiki hakina ukoo na mtu.

"Nieleze tena kuhusu hii miti," alisema. "Polepole. Mimi si mwanafunzi wako."

Daktari Evilásio alivua miwani akaifuta kwa shati lililolowa, akairudisha ikiwa chafu zaidi. Alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka chuo kikuu huko Recife, mtu mwembamba aliyezeeka akitafuta kitu kimoja. Miaka kumi na miwili alikuwa ameutafuta mti wa azevinho wa aina hii katika vipande vya msitu vilivyosazwa na mashamba ya miwa. Mwishowe akaikuta mitano, bondeni hapa, ambapo trekta lilishindwa kushuka. Minne ilikuwa ya kike. Huo mmoja tu ndio uliokuwa dume.

"Jike bila dume hatoi mbegu," alisema. "Bila mbegu hakuna mche. Nimeomba serikali ilifanye bonde hili hifadhi, na mwezi ujao wanakuja kukagua. Mwenye shamba atawaambia nini? Atawaambia miti hii imekufa tayari, ila haijaanguka. Na safari hii atakuwa anasema kweli."

"Mara ya mwisho kuuona umesimama ilikuwa lini?"

"Tarehe ishirini na saba Juni. Nimerudi jana, nikakuta hivi."

Marluce alihesabu kichwani. Leo ilikuwa tarehe mbili Julai. Alitazama huku na huku. Shina halikuwepo, na hilo lilieleweka. Lakini hata matawi hayakuwepo. Mtu akikata mti msituni hupunguza matawi ya chini papo hapo, asipate taabu njiani. Huyu alikuwa ameyapunguza, kwani vipande vidogo vya magome vilikuwa chini, kisha akayabeba yote, hata jani hakuacha.

Miti minne ya kike ilisimama hatua chache tu kutoka hapo, imevaa vitunda vyekundu kama shanga. Kila mmoja ulikuwa umefungwa utepe mwekundu kiunoni.

"Hii ina tepe," alisema Marluce. "Dume ulilifunga?"

"La."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa mmoja. Ningeufunga ningekuwa nimemwonyesha adui pa kupiga. Nilidhani usipojulikana utakuwa salama. Sikumwambia mtu yeyote."

"Na watu wa hapa uliwaambia nini?"

"Nilibandika picha kanisani. Nikawaeleza baada ya misa: mti wenye vitunda hivi vyekundu usiguswe, ni wa mwisho duniani. Walisikiliza vizuri sana."

Marluce alikiweka kipande cha tumbaku kwenye mfuko wa ushahidi. "Wazee husema mti wenye matunda ndio upigwao mawe," alisema. "Huu naona umepigwa shoka kwa kutokuwa nayo."

*

Nyapara Pedro Tenório, ambaye mashamba yote humwita Pedrão kwa sababu ya kiwiliwili chake, alikuwa barazani mwa nyumba ya zamani ya mtambo wa sukari, anakula kuskusi ya mahindi na jibini la kukaanga. Bomba la moshi la mtambo lilikuwa bado limesimama nyuma yake, limeota nyasi kileleni. Marluce alipokuwa mtoto, bomba lile likifuka, nguo za watu wote zilinuka sukari iliyoungua. Tangu aingie getini alikuwa akiitafuta harufu ile, na kutoikuta kulimuuma kuliko alivyotarajia.

"Marluce wa Zefa," alisema Pedrão bila kuinuka. "Umekuwa serikali. Karibu kuskusi."

"Nimeshakula. Tarehe ishirini na nane, mkesha wa Mtakatifu Petro, ulikuwa wapi?"

"Hapa. Mimi naitwa Pedro, siku hiyo ni yangu. Niliwasha moto mbele ya mlango wangu kama baba alivyonifundisha, nikala mahindi, nikalala."

"Na bondeni ulishuka?"

Pedrão aliacha kutafuna. "Ni ule mti wa daktari, siyo? Nilijua nitaitwa. Huyo mtu akipoteza kalamu anasema Pedrão ameiba."

"Una msumeno wa injini, na una bosi anayelitaka bonde."

"Ninao. Na bosi analitaka, kila mtu anajua, hata mbwa. Umekatwaje?"

"Chini kabisa. Usawa wa ardhi."

Nyapara alilipiga tumbo lake kwa viganja viwili, likalia kama pipa. "Inspekta, nitazame. Tangu mwaka juzi viatu vyangu ananifungia mke wangu. Mimi ningekata mti usawa wa kifundo cha mguu? Ningekata hapa, kiunoni, nikiwa nimesimama wima kama bwana. Na ningekata yote mitano, siyo mmoja. Kazi ya nusu siijui."

Marluce alijizuia asicheke, akashindwa kidogo. Hata hivyo hakumwacha. Alimwongoza hadi kwenye majivu ya moto wake, mbele ya nyumba. Katikati ya majivu palikuwa na shimo. Huko Pindobal moto wa watakatifu wa Juni haukamiliki bila mti mbichi kusimamishwa katikati, umetundikwa mahindi na machungwa. Unaungua polepole chini, ukianguka watu wanakimbilia matunda. Alichimba kwa koleo. Shina lililobaki ardhini lilikuwa la mwanzi.

"Umeridhika?" aliuliza Pedrão.

"Kwa huu, ndiyo. Nani mwingine alisimamisha mti siku ya Petro?"

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Moto wa Mtakatifu Yohana huwashwa na kila nyumba. Moto wa Petro huwashwa na wenye jina lake, na wajane, kwa kuwa husemwa naye alikuwa mjane. Siku hizi Pindobal ilikuwa imebaki na nyumba saba zenye watu. Orodha haingejaza hata mstari.

"Pedro ni mimi peke yangu," alisema nyapara. "Na mjane ni mmoja. Quitéria."

"Quitéria si mjane. Ana mumewe, Biu."

Pedrão alimtazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile mzaha ulimtoka usoni. "Biu tulimzika Machi, Marluce. Hukuambiwa? Bibi Quitéria alituma neno kwa mdomo wa watu, likupate mjini."

Halikumpata. Au lilipita karibu siku moja ambayo hakuwa akipokea simu za huku. Marluce alisimama na koleo mkononi, akaona haya, haya ya kweli, ya mtoto aliyesahau nyumbani.

"Na tumbaku ya kamba," aliuliza hatimaye, "bado kuna anayemwekea Komadre, pepo mlinzi wa msitu, kabla ya kukata mti?"

"Vijana? Hawamjui hata jina. Mimi nimeokoka, simwekei." Alionyesha safu ya nyumba kwa kidevu. "Unajua nani bado anamwekea."

*

Alikwenda kwa miguu, koleo la nyapara begani. Safu ya nyumba za wakata miwa ilikuwa imeanguka katikati, kama mdomo uliopoteza meno ya mbele. Alizijua zote. Hapa palikuwa kwa Zefa, mama yake. Mpapai ulikuwa umeota sebuleni. Zamani, mwezi wa Juni, mioto ishirini na miwili ilisimama kwenye safu hii, na moshi ulikaa bondeni siku tatu.

Kwenye mmoja wa mioto hiyo, akiwa na umri wa miaka tisa, Marluce alimshika mkono Quitéria wakazunguka mara tatu, wakitaja majina ya watakatifu. Ndivyo mtu alivyojipatia mama wa pili huku, bila padri wala maji. Mama wa moto. Kiapo hicho, walisema wazee, hakina mlango wa kutokea.

Bibi Quitéria alikuwa uani, anamenya muhogo. Alikuwa na miaka sabini na moja, mfupi, mikono yake mikavu, shingo imenyooka ya mtu aliyebeba mizigo ya kutosha kichwani. Marluce aliinama, akaupeleka mkono wake mbele.

"Baraka yako, mama."

"Mungu akubariki, binti yangu." Bibi hakuacha kumenya. "Umekonda. Mjini hakuna chakula?"

"Nimesikia habari za baba Biu leo. Nisamehe."

"Aliuliza kama umekuja. Nikamwambia uko njiani." Alikitupa kipande cha muhogo kwenye sufuria. "Sasa umefika. Kaa, kuna kahawa na kanjika ya mahindi ya jana."

"Siwezi kukaa bado. Nimekuja kikazi." Marluce alitoa fomu. "Mama, una haki ya kunyamaza. Una haki ya kutaka wakili kabla hujanijibu."

"Ninyamaze kwangu? Nitanyamaza nikifa."

Mbele ya mlango, majivu ya moto yalikuwa yameloa na kushikana. Marluce alichimba katikati. Kwa kina cha dhiraa moja koleo liligonga kitu kigumu. Alikifukua kwa mikono: kipande cha shina, juu kimekuwa mkaa, chini bado kibichi, gome laini la kijivu. Ncha yake ilikatwa kwa mshazari, kwa mapigo matatu. Alitoa karatasi aliyochorea uso wa kisiki asubuhi kule bondeni, akaishikiza kwenye ncha ile. Iliingia kama kikombe kwenye kisahani chake.

Mkato ule aliujua tangu asubuhi, na alikuwa amejikataza kuujua. Ndivyo mama yake alivyokata muwa. Ndivyo wanawake wote wa safu ile walivyokata: chini kabisa, mshazari, maana nyapara alikuja nyuma na fimbo, na kila shina lililobaki juu ya kidole lilikuwa na kipigo chake.

"Ulikuwa unatafuta hicho?" Bibi Quitéria alikuwa amesimama mlangoni, kisu mkononi. "Ungeuliza. Nimeukata mimi."

"Kwa nini huo, mama? Msitu mzima?"

"Msitu mzima una wenyewe. Mwerezi sikati, ndio uliobeba Bwana. Mwimbauba sikati, ulimficha Mama wa Bwana na mtoto wake. Mti wa matunda sikati, nani anakata chakula cha kiumbe? Na yule daktari wenu alisema kanisani, wenye vitunda vyekundu wasiguswe. Sikuwagusa. Nenda kawaangalie, hata jani sijawatikisa." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa hesabu safi. "Huyu mmoja kila mwaka nampita, hana tunda. Mwembamba, amenyooka, majani yanang'aa. Nikamwekea Komadre tumbaku yake, nikaomba ruhusa. Nikasema, huyu hata ndege hawatamuulizia."

"Ungemwomba Pedrão akuletee mwanzi."

"Biu alinisimamishia mti miaka arobaini na minane. Nimpe mwanzi?"

Marluce alikaa kwenye kizingiti. Alimweleza kwa maneno machache, kwa sababu hakuna njia ndefu ya kulisema: kwamba miti ile ina wake na waume, kwamba wale wanne wenye vitunda ni wake, kwamba yule asiye na tunda alikuwa mume wao, na hakuna mwingine.

Bibi Quitéria alikiweka kisu chini. Kahawa ilichemka ikamwagika jikoni, na hakuna aliyekwenda kuiangalia.

"Kwa hiyo mwaka niliofanywa mjane," alisema, "nami nikaenda nikawafanya wajane wenzangu wanne."

"Hukujua."

"Ningejuaje? Daktari angemfunga na huyo utepe, ningemsalimia nikapita."

Hilo Marluce aliliandika neno kwa neno. Kisha akauliza swali lililokuwa likimsumbua tangu bondeni. "Matawi ya chini, mama. Uliyapunguza ukayabeba. Hayakuungua, kwenye majivu hakuna. Yako wapi?"

"Kwa Biu."

*

Makaburi ya Pindobal yalikuwa nyuma ya kanisa dogo, na Daktari Evilásio alifika akikimbia, matope hadi magotini. Marluce alikuwa amempigia simu akisema maneno mawili tu: njoo na kisu.

Kaburi la Biu lilikuwa tuta la udongo mwekundu lenye msalaba wa mbao. Kulizunguka, matawi kumi na moja yalikuwa yamechomekwa ardhini, kila moja limekatwa mshazari, limesindiliwa kwa kisigino. Mvua ya Juni haikuwa imeyapa nafasi ya kukauka. Majani yalikuwa yanang'aa kama yameoshwa kwa mgeni.

Daktari alipiga magoti. Alikwaruza gome la tawi la kwanza kwa ukucha. Chini yake palikuwa kijani kibichi. Akaenda kwa la pili, la tatu, akizunguka kaburi kwa magoti, na alipofika la kumi na moja uso wake ulikuwa umelowa, na haikuwa mvua.

"Yako hai," alisema. "Nani aliyachomeka hivi?"

"Mimi," alisema Bibi Quitéria. "Na mti nimeukata mimi. Nilikuwa sijui ni mume wa watu."

Daktari alifungua kinywa. Marluce aliziona hasira za miaka kumi na miwili zikipanda hadi mdomoni, zikamkuta bibi mfupi mwenye kitambaa cheusi kichwani, zikakosa pa kwenda.

"Sikumwambia mtu," alisema daktari mwishowe. "Nilipaswa kusema. Ningekwambia wewe wa kwanza."

"Yatashika?" aliuliza Marluce.

"Nikiyapeleka kitaluni leo, na Mungu akipenda, mawili. Labda matatu. Kisha miaka sita, saba, mpaka yatoe ua."

"Na kisiki usikisahau," alisema bibi. "Nimekikata chini na nikakipaka udongo. Muwa ukikatwa chini hurudi. Mti sijui, lakini kujaribu si dhambi."

"Nani alikufundisha?"

"Nyapara. Kwa fimbo."

Daktari aliyang'oa matawi moja moja, akayafunga miguu kwa kitambaa kibichi. Alifanya kazi kwa upole, akiomba radhi kaburini kila alipofukua. Yalipofika kumi, Bibi Quitéria alimgusa bega.

"Chukua yote ukitaka, deni ni langu. Lakini nikikuomba, niachie moja. Biu hajawahi kumaliza msimu wa mioto bila kitu kibichi."

Marluce alijua tawi moja lina maana gani kwa mtu yule. Daktari alilitazama kwa muda. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa utepe mwekundu, akalifunga tawi la kumi na moja, kwa fundo kubwa ambalo hata mpita njia angeliona.

Inspekta alikaa kwenye ngazi ya kanisa, akafungua fomu magotini. Aliandika mkato, tumbaku, shina, maungamo, idadi ya matawi. Aliandika pia picha ya kanisani na maneno yaliyosemwa baada ya misa, na dume lililofichwa lisijulikane. Alipomaliza alirudi ukurasa wa kwanza. Alilifuta neno Hakuna kwa mstari mmoja, ili lisomeke, kama kanuni inavyotaka, na juu yake akaandika: Mtuhumiwa ni mama yangu wa moto.

"Umeandika nini?" aliuliza Bibi Quitéria.

"Ukweli. Sasa kesi si yangu tena, watamtuma mwingine."

"Mwema?"

"Nitamwambia aje na njaa."

Bibi aliitikia kwa kichwa, akampa Marluce mkono wa kumwinua, au wa kushikiliwa yeye mwenyewe; haikujulikana nani alikuwa anamvuta nani. "Basi kama huna kazi," alisema, "nenda kamsalimie. Miezi minne namwambia uko njiani."

Marluce alivua kofia ya polisi, akaiacha kwenye ngazi, akaenda.